Paka Asiyepatana na Usipa

Mimi nauza usipa. Ndiyo kazi iliyonilea, na ndiyo iliyosomesha wanangu. Asubuhi mitumbwi ikirudi nanunua wale dagaa wadogo wa ziwa letu, nawaanika kwenye vichanja nyuma ya nyumba, na wakikauka nawauza kwa wachuuzi wanaoteremka kutoka Mbinga. Kwa hiyo nielewe ninaposema kwamba siku niliyoambiwa paka wa nyumbani kwangu anaumwa kwa sababu ya usipa, nilitaka kugombana na mtu.

Paka mwenyewe hakuwa wangu hasa. Alikuwa wa mama. Mama yangu mzazi aliacha kuona polepole, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, na giza lilipokuwa limemjaa kabisa nikamchukua akae nami hapa Lipingo. Haukupita muda akatokea paka. Hakuna aliyemleta. Nilimkuta chini ya kichanja, mdogo wa kuenea kwenye kiganja, akinguruma na kichwa cha samaki mdomoni. Nikampeleka kwa mama acheze naye kidogo, nikidhani kesho atakuwa ameshaondoka zake. Thubutu! Kuanzia siku hiyo mama hakukaa barazani bila paka mapajani, na hakula kitu bila kuuliza kama mwenzake amekula. Nilimwambia tumpe jina. Akasema, "Nikiita Paka anakuja. Jina la nini tena?"

Basi akawa Paka.

Kabla hajamaliza hata mwaka, Paka akaanza kujikuna. Alianza na masikio, akaja shingo, kisha mashavu. Alijikuna kwa mguu wa nyuma mpaka nyumba nzima tunasikia mkeka unavyopigwa. Manyoya ya shingoni yakaisha, pakabaki vidonda na magamba. Wakati mwingine alitapika, nasi tukasema amekula mjusi. Mama hakuwa na macho ya kuona hayo, lakini vidole vyake viliona kila kitu. Kila asubuhi alimpapasa na kunitangazia habari: "Hapa pamefunga. Hapa pamefunguka tena. Hapa jana hapakuwepo." Alimwosha kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, akiomboleza kuliko paka mwenyewe.

Majirani wakaanza maneno. Huo ni upele, utaingia kwa watoto. Mtupeni ng'ambo ya mto. Mmoja akaniletea dawa ya kuogeshea ng'ombe, na mimi kwa ujinga wangu nikaikoroga kwenye ndoo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na husoma hata karatasi iliyofungia maandazi, akaokota kichupa akakisoma. "Hapa wameandika ng'ombe," akasema. "Hawajaandika paka popote." Nikamwaga. Nilikuwa nimekasirika, nikamwambia kama ni hivyo basi huyu paka aende, maana nimechoka kusemwa kisimani.

Mama alinisikia kutoka barazani. Hakupandisha sauti. Alisema, "Macho yalipoondoka nilivumilia. Huyu sitavumilia."

Nikaona aibu mpaka miguuni. Nilimfahamu mama yangu, hakuwa mtu wa kutisha watu kwa maneno. Wiki ileile nikamtia Paka kwenye tenga, nikalifunga kwa kitenge, nikapanda gari la asubuhi kwenda Mbinga mjini kutafuta mtaalamu wa mifugo. Njia nzima ya milimani Paka alilia, na abiria wote wakaniuliza nauza bei gani.

Mtaalamu alikuwa mwanamama mfupi mwenye miwani na mabuti ya mpira, ametoka kuzalisha nguruwe muda si mrefu. Alipoona paka alifurahi kana kwamba nimemletea zawadi. Akamchana kwa kichanuo chenye meno ya karibukaribu, akakung'uta uchafu juu ya karatasi nyeupe aliyoilowesha. "Ingekuwa viroboto, hapa pangegeuka pekundu," akasema. Hapakugeuka. Akachungulia masikioni kutafuta utitiri, hakuna. Akampa dawa ya viroboto hata hivyo, ili tusije tukabishana baadaye. Kisha akavuta kiti.

"Anakula nini?"

"Usipa, Daktari."

"Na juzi alikula nini?"

"Usipa."

"Na sikukuu?"

"Usipa wa kukaanga."

Akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akanieleza vizuri, na nitasema alivyosema, maana wengi wameniuliza tangu siku hiyo. Kuna paka ambao mwili wao unakikataa chakula fulani, ndiyo mzio wenyewe, au aleji. Si kwamba chakula ni kibovu, na si kwamba ni kigeni. Mara nyingi ni kilekile anachokula siku zote. Mwili unakizoea, unakizoea, halafu siku moja unakigeuka. Dalili kubwa ni kujikuna kichwani na shingoni mwaka mzima, masika na kiangazi, na wengine hutapika. Wapo wanaokataa kuku, wapo wanaokataa ng'ombe, na samaki yumo.

"Daktari," nikamwambia, "paka wa ziwani asile samaki? Si afadhali umwambie padre asisome misa."

"Sijasema ni samaki," akajibu. "Nimesema tumtafute mwizi." Na njia ya kumtafuta ilikuwa moja tu. Paka apewe nyama ambayo hajawahi kuionja maishani, iliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu, na ugali kidogo, basi. Wiki nane. Asilambe kitu kingine chochote. Kila siku tuangalie kama amejikuna. Akipona, apewe tena chakula chake cha zamani kidogo tu. Akirudia kujikuna, mwizi ameshikwa. Akaninyooshea kidole: "Asilambe kitu, mama. Nasema tena. Asilambe."

Nikarudi ziwani na kichwa kikubwa kama mtu aliyetoka chuo. Jaribio letu lilidumu siku tatu.

Huku kwetu mtu akiwa anasafisha samaki na paka akapita, humtupia mmoja. Hakuna aliyetufundisha, tumezaliwa tukaikuta. Kumnyima paka samaki pwani ya ziwa ni uchoyo wa kusimuliwa hata matangani. Nilipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wasimpe, wakaitikia ndiyo, ndiyo, na nikigeuka tu nasikia "kss, kss, chukua, maskini, wanakunyima." Na vichanja vyangu mwenyewe viko nyuma ya nyumba, samaki wametandazwa kama karamu. Siku ya tatu nilimkuta amelala juu ya kichanja, tumbo juu, hana habari. Nilipiga kelele mpaka mama akadhani nyumba inaungua.

Mume wangu ndiye aliyesema apelekwe Namswea kwa mama yake. Mamkwe wangu anaishi juu milimani, ana kahawa mtelemkoni, ana mahindi na maharage, na nyuma ya jiko ana mabanda ya sungura. Samaki huko hawaonekani mpaka mtu awabebe. Tena mamkwe ni mwanamke wa amri. Akiambiwa kahawa ivunwe iliyoiva tu, huwezi kukuta punje ya kijani kwenye kikapu chake.

Kumtoa Paka mapajani kwa mama ilikuwa kazi. Alimshika muda mrefu, akampapasa vile vidonda kimoja kimoja. "Mtanirudishia?" akauliza. Nikasema nitamrudisha. "Sema wiki ngapi." Nikasema nane. Akaanza kuhesabu palepale, na mama yangu hakosei hesabu.

Mamkwe alipokea mgonjwa na masharti yake yote bila kuuliza maswali. Sungura aliyechemshwa, ugali kidogo, maji, basi; samaki asipewe kabisa. Daktari alitaka tuangalie kila siku, naye mamkwe hakutaka mambo ya daftari, akachukua kipande cha mkaa: siku Paka akijikuna, mstari kwenye ukuta wa jiko, asipojikuna, nukta. Nilimwachia usipa mfuko mzima, kwa sababu mtoto wa ziwani hapandi ukweni mikono mitupu. Ukipanda unabeba usipa, ukishuka unabeba maharage na kahawa. Ndivyo tulivyoishi na ndugu zetu wa milimani miaka yote.

Nyumbani mama akawa mtu wa simu. Mwenyewe alikuwa amekataa simu miaka yote akisema inaunguza sikio, sasa kila jioni ananiambia nimpigie mamkwe, aweke simu karibu na Paka. "Mwanangu, umekula? Usiwasumbue watu wa watu." Kisha ananiuliza, "Ameitika?" Namwambia ameitika. Upande wa pili namsikia mamkwe anacheka, naye si mtu wa kucheka ovyo.

Lakini mama alikuwa anapungua. Uji anauacha nusu. Barazani anakaa na mikono mitupu mapajani, anaifungua na kuifunga. Nikawa siwezi kuitazama. Wiki ya tatu ilipopita nikajikuta nimepanda gari kwenda Namswea kumwona Paka, nimpelekee mama habari ya macho yangu mwenyewe. Nikakuta shingo imeanza kufunga. Jamani, nilivyofurahi! Nikala, nikalala, nikashuka kesho yake na maharage yangu.

Siku ya pili mamkwe akapiga simu: anajikuna.

Akapoa tena. Wiki ya sita nikapanda tena. Nilipoondoka, siku ya pili, simu: anajikuna vibaya, amejitoa damu sikioni. Mume wangu akasema labda si chakula. Mimi nikashindwa kumwambia mama, nikamwambia anaendelea vizuri. Wiki nane zilipotimia mama akaamka, akavaa kanga yake ya kanisani, akakaa barazani kumsubiri. Ilibidi nimwambie. Hakulia. Alisema, "Nilijua. Ulikuwa unaitikia upesi mno."

Nikapanda Namswea kwa hasira, nimeazimia kumrudisha vyovyote alivyo, vidonda na yote, mama amshike hivyohivyo. Na usipa nimebeba, hasira haziondoi adabu.

"Shikamoo mama," nikasalimia.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone." Mamkwe akanipeleka moja kwa moja ukutani. Ile mistari ya mkaa mpaka leo naiona. Mwanzoni iko mingi, wiki ya kwanza na ya pili. Kisha nukta, nukta, nukta. Kisha rundo la mistari. Kisha nukta tena. Kisha rundo. Akaweka kidole kwenye rundo moja: "Hapa ulikuja." Akakisogeza kwenye lingine: "Hapa ulikuja." Na lile la mwanzo nalo: "Hapa ulimleta." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, nisamehe kwa kukuambia. Paka huyu anakukataa wewe."

Jamani, niliumia! Mimi niliyemwokota chini ya kichanja! Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kulia kwa kwikwi, mtu mzima mwenye wajukuu, nalilia paka. Mamkwe akaona njia ya kunituliza ni chakula. Akachukua usipa niliowaleta, akawaosha, akawachemsha na nyanya. Na mimi niko palepale, machozi yananitiririka, namwangalia anavyopika. Akaepua. Akachukua bakuli la Paka, akaweka nyama ya sungura, akaweka kipande cha ugali, akauona ugali umekauka. Basi akachota upawa mmoja wa mchuzi wa usipa, akaumimina juu.

"Mama!" nikaruka. "Unafanya nini?"

"Nalainisha ugali."

"Kwa mchuzi wa samaki?"

"Samaki sijampa," akasema, na alikuwa ameudhika kweli. "Nimeambiwa asipewe samaki, tangu aje hajapewa hata jicho la samaki. Huu ni mchuzi."

Nikamnyang'anya bakuli. Nikatazama ukuta, nikamtazama yeye, nikautazama mfuko wa usipa niliokuja nao mwenyewe. Kila nilipopanda nilibeba. Kila nilipobeba alipika siku mbili tatu mpaka wakaisha. Na kila alipopika, mkono wake mwema uliona ugali mkavu. Mimi ndiye niliyekuwa napandisha ugonjwa mlimani, tena kama zawadi! Nikaanza kucheka. Mamkwe akadhani nimerukwa na akili. Nilipomweleza alisoma ukuta upya toka mwanzo, mstari kwa mstari, kisha akajipiga paja na kusema neno la Kimatengo ambalo sitaliandika hapa. Tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza nani ameoa.

Nikampigia Daktari. Naye alicheka, lakini kwa furaha ya mtu aliyeshinda. "Mmenifanyia jaribio bila kutumwa," akasema. "Mkitoa samaki anapona, mkirudisha anajikuna, mara tatu. Mwizi mmemshika. Sasa mchuzi nao ni samaki, mafuta yaliyokaangia samaki ni samaki, na kijiko kilichokoroga ni samaki. Anzeni upya." Mimi nikaapa kwamba kwa wiki nane sitabeba usipa kwenda Namswea, ukwe au si ukwe. Mamkwe akasema atanisamehe kwa kuwa ni dawa.

Nikashuka nikamweleza mama ukweli wote, mpaka na kilio changu. Alinicheka vibaya sana. Siku ile alimaliza uji.

Safari hii ukuta ulijaa nukta mpaka chini. Daktari akaruhusu tumjaribu kuku, kidogokidogo, siku kumi. Nukta. Tukamjaribu yai. Nukta. Akatuonya kwamba hii haina dawa ya kumaliza, dawa ni kuepuka, maisha yake yote. Basi kazi ikabaki ya huku chini, maana huwezi kumrudisha mtu kwenye shamba la mwizi wake. Nilihamisha vichanja vyangu vyote kutoka nyuma ya nyumba mpaka ufukoni, na sasa kila asubuhi natembea na beseni kichwani mwendo ambao zamani sikuutembea. Mgongo unalalamika, nauambia unyamaze. Mamkwe akanipa sungura wawili, dume na jike, tuanze banda letu.

Walibaki majirani. Hapo nikaenda kwa mzee wa kanisa anayesoma matangazo baada ya misa. Alinitazama kama nimelewa. Lakini Jumapili, baada ya ndoa zinazotarajiwa na zamu ya kufagia, alisafisha koo akasoma: "Paka wa mama yetu asiyeona anarudi wiki hii. Ni mgonjwa wa samaki. Asipewe samaki, wala kichwa, wala mkia, wala mchuzi. Atavaa kitambaa chekundu shingoni. Anayempenda mama yetu asimpe kitu." Kanisa zima likavunjika mbavu, padre akiwemo. Ila waliitika "Amina", nami nikajua sasa tumefika. Kumpa Paka samaki si ukarimu tena, ni kumuumiza bibi wa watu, na hilo hakuna anayelitaka huku.

Sitadanganya kwamba hatujawahi kuteleza. Mgeni asiyejua hupita, humtupia mmoja, na kwa siku mbili tunasikia tena mkeka unapigwa. Watoto wa jirani hukimbilia kunishtakia kabla samaki hajamezwa. Tunarudi kwenye sungura, anapoa. Tunaishi nao ugonjwa wenyewe, na tunaishi vizuri.

Lakini nataka kusema siku aliyorudi. Mume wangu alishuka naye kutoka Namswea, tenga begani, sisi tukiwa barazani. Mama alisikia tenga linawekwa chini akanyoosha mikono yote miwili kabla hajaambiwa kitu. Nikamtoa Paka, nikamweka mapajani kwake.

Mama akaanza na masikio, kama zamani. Vidole vikapita, vikarudi. Vikashuka shingoni, chini ya kitambaa, vikatafuta. Vikatafuta tena. Uso wake ukabadilika. "Huyu siye," akasema. "Mmenibadilishia paka. Wangu ana vidonda hapa, na hapa, na hapa. Huyu ana manyoya. Mrudisheni kwa mwenyewe."

"Mama, ni yeye."

"Nasema siye. Wangu namfahamu kwa mkono."

Kweli alimfahamu kwa mkono, na tangu alipokua mkono wake haukuwahi kumkuta mzima. Mama akainama, akaita kwa sauti ndogo ya kujaribu tu, "Paka?" Naye akaitika, akajikunja mapajani, akaanza kunguruma. Mama akatulia. Akampapasa upya, taratibu, toka puani mpaka mkiani, kila mahali, kama mtu anayetambulishwa kwa mgeni wa heshima.

"Kumbe uko hivi," akamwambia. "Mwanangu, kumbe ulikuwa mzuri hivi."